Siku mbili za Baghdad na jicho la kamera

Wasomaji wetu waliokuwa watu wazima mwaka 2003 bila shaka wangali wakiikumbuka jioni ya Jumatano, Aprili 9. Kila palipokuwa na televisheni watu walisongamana. Sanamu ya Saddam Hussein, iliyosimamishwa mwaka mmoja tu kabla yake katika medani ya Firdos, jijini Baghdad, ilifungwa mnyororo shingoni, ikainama taratibu, ikaning'inia kwa muda, kisha ikaanguka. Sisi tuliitazama picha hiyo ikirudiwa na kurudiwa, tukiwa barazani kwa jirani pamoja na wazee waliokuwa wametoka kuswali Magharibi. Hakuna aliyesema neno. Mwishowe mzee mmoja akanyanyuka, akakiweka sawa kilemba chake, akasema kwamba hiyo ni filamu tu, imepigwa huko huko Marekani, akaenda zake.

Hatukumcheka mzee wetu. Hadi siku moja nyuma sote tulikuwa tukimsikiliza Muhammad Said as-Sahhaf, Waziri wa Habari wa Iraq, akikanusha mbele ya waandishi kwamba majeshi ya Marekani yamo ndani ya Baghdad, ilhali vifaru vyao vilikuwa vimekwisha kuonekana ng'ambo ya mto. Tulimwamini kwa kuwa tulitaka kumwamini. Nao wenzetu wa upande wa pili wa dunia waliviamini vituo vyao kwa sababu hiyo hiyo.

Ni mazoea ya watu kusema kwamba televisheni hudanganya wakati wa vita. Kauli hiyo ni nyepesi mno, wala haimsaidii mzazi anayekaa na wanawe mbele ya taarifa ya habari. Sanamu ile ilianguka kweli, na miongoni mwa walioshangilia walikuwamo Wairaqi waliokuwa na kila sababu ya kumchukia aliyewatesa. Udhibiti wa habari za vita katika zama zetu hauna haja kubwa ya kutunga picha ya uongo. Kinachotakiwa ni kuamua kamera isimame wapi, na wapi isiruhusiwe kusimama. Kwa ajili hiyo tunawaomba wasomaji warudi nasi nyuma kwa siku moja, hadi Jumanne, Aprili 8.

Asubuhi ya siku hiyo marehemu Tareq Ayyoub, mwandishi wa televisheni ya Al Jazeera, raia wa Jordan mwenye asili ya Palestina, alikuwa juu ya paa la ofisi ya kituo hicho, kando ya mto Tigris ambao Waarabu huuita Dijla, akijiandaa kutangaza moja kwa moja. Mapigano yalikuwa yakiendelea jirani. Ndege ya Marekani ikaipiga ofisi kwa kombora, Tareq akauawa, na mpiga picha aliyekuwa pamoja naye akajeruhiwa. Ofisi ya televisheni ya Abu Dhabi, isiyokuwa mbali na hapo, nayo ilishambuliwa asubuhi hiyo hiyo, na watangazaji wake wakajikuta wamenasa ndani ya jengo huku risasi zikirindima nje.

Jeshi la Marekani lilidai kwamba lilikuwa likijibu mashambulizi yaliyotoka katika jengo la Al Jazeera. Wafanyakazi wa kituo walilikana dai hilo. Lililo wazi ni kwamba mnamo Februari 24 ya mwaka huo, kabla vita havijaanza, uongozi wa Al Jazeera ulikuwa umeiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani, Pentagon, na kuipa vipimo vya ramani vya mahali ofisi hiyo ilipo, ili isije ikapigwa kwa makosa. Kituo kilikuwa na sababu ya kuchukua tahadhari hiyo, kwani ofisi yake ya Kabul ilikuwa imekwisha kubomolewa na kombora la Marekani mwezi Novemba 2001.

Siku haikuishia hapo. Karibu na adhuhuri, kifaru cha Marekani kilichokuwa kwenye daraja la Jumhuriya kiliinua mzinga wake kuelekea Hoteli ya Palestine, walikofikia waandishi wengi wa kigeni waliobaki Baghdad, kikafyatua. Waliouawa ni Taras Protsyuk, mpiga picha wa shirika la habari la Reuters kutoka Ukraine, na José Couso, mpiga picha wa kituo cha Telecinco cha Hispania. Wapiga picha wa televisheni ya Ufaransa, France 3, walikuwa wakikirekodi kifaru hicho kutoka katika hoteli hiyo hiyo. Jeshi lilisema kwamba askari wake walikuwa wakijihami, ilhali waandishi waliokuwamo hotelini walisema hawakusikia risasi yoyote ikitoka humo. Kamati ya Kulinda Waandishi wa Habari, yenye makao yake New York, ilichunguza tukio hilo na kutoa ripoti mwezi Mei mwaka huo huo. Haikuona ushahidi kwamba waandishi walikusudiwa. Lakini ilibaini kuwa wakubwa wa jeshi waliijua hoteli ile na waliokuwamo, na kwamba msiba huo ungeweza kuepukwa.

Sasa msomaji na atie maanani jambo moja la jiografia. Hoteli ya Palestine inatazamana na medani ya Firdos. Sanamu iliyoangushwa Jumatano ilikuwa mbele ya mlango wa hoteli iliyopigwa Jumanne. Baghdad ilikuwa na sanamu na picha za Saddam zisizohesabika, lakini hii ndiyo iliyokuwa karibu na kamera za dunia, na kwa sababu hiyo ndiyo iliyoingia katika kila nyumba. Wapiga picha waliomlilia mwenzao usiku ndio hao hao walioteremka ngazi kesho yake wakaipiga picha ya furaha.

Wairaqi wachache walianza kuipiga sanamu kwa nyundo, wakashindwa. Hapo askari wa Marine wa Marekani wakaleta gari lao la deraya linalotumika kukokota vifaru vilivyoharibika, wakafunga mnyororo. Askari mmoja akaifunika sanamu uso kwa bendera ya Marekani, kisha ikaondolewa upesi kwa kuwa wakubwa walitambua namna itakavyoonekana katika nchi za Kiarabu. Picha zilizopigwa kwa karibu zilionesha umati uliojaa fremu nzima. Picha zilizopigwa kutoka juu zilionesha medani ambayo sehemu yake kubwa ilikuwa tupu, pamezungukwa na vifaru, na katika kundi la watu walikuwamo waandishi na askari wengi. Picha zote mbili ni za kweli, na tofauti yao haizidi hatua chache nyuma ama mbele. Watafiti wa Marekani walihesabu baadaye wakakuta kwamba siku hiyo kituo cha Fox News kiliirudia picha ya sanamu, kwa wastani, kila baada ya dakika 4.4, na CNN kila baada ya dakika 7.5. Wakati huo huo bado watu walikuwa wakipigana na kufa ndani ya Baghdad yenyewe, na mji wa Tikrit ulikuwa haujatekwa. Vita vilivyodumu miaka mingi baadaye vilionekana kama vimemalizika saa ile, kwa kuwa hadithi ilikwishapata mwisho wake mzuri.

Tareq Ayyoub aliacha mjane, Dima Tahboub, na binti mdogo. Mjane huyo aliandika katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka ule ule juu ya kifo cha mumewe, na mwaka 2016 alichaguliwa kuwa mbunge nchini mwake Jordan. Familia ya Couso ililipeleka shauri lake mahakamani Hispania, likavutana kwa miaka. Hizo ni habari zilizotembea polepole, kurasa za ndani. Hazikurudiwa kila baada ya dakika nne.

Ni vyema hapa tuseme habari ya waandishi walioambatana na majeshi, maana ndio waliokuwa macho ya ulimwengu katika vita vile. Zaidi ya waandishi 600 walipewa nafasi ndani ya vikosi vya Marekani na Uingereza. Walikula, walilala na kusafiri na askari, wakatia saini masharti ya nini kitangazwe na lini. Hatusemi kwamba walikuwa watu wa uongo. Wengi wao walikuwa waaminifu na wengine walipoteza maisha. Lakini mtu anayelindwa na bunduki ya rafiki yake huiona vita kwa upande wa nyuma wa bunduki hiyo. Aliona kombora likiruka, hakuona lilikoangukia. Surat al-Hujurat imetufunza wajibu wa kuichunguza habari iletwayo na mtu asiyeaminika, nasi tumezoea kuitaja kila linapozungumzwa suala la vyombo vya habari. Je, mleta habari akiwa mkweli, ila mlango aliowekwa kusimama umechaguliwa na mmoja wa wapiganaji? Hapo uchunguzi wetu hauna budi kuvuka tabia ya msemaji na kuuangalia mlango wenyewe.

Huko Marekani kwenyewe mlango ulikuwa mwembamba zaidi studioni kuliko jangwani. Mwezi Februari 2003, wiki chache kabla ya vita, kituo cha MSNBC kilikifuta kipindi cha Phil Donahue, mtangazaji aliyekuwa akiwapa nafasi wapinzani wa vita, ingawa kipindi hicho ndicho kilichokuwa kikitazamwa kuliko vyote vya kituo hicho. Waraka wa ndani uliovuja ulionesha hofu ya wakubwa kwamba sura yake ingekuwa mzigo kwa kampuni wakati wa vita, hali washindani wao wakipeperusha bendera. Taasisi ya FAIR, inayovichunguza vyombo vya habari vya nchi hiyo, iliwahesabu watu 1,617 waliohojiwa au kunukuliwa katika vipindi sita vikuu vya habari kwa wiki tatu za mwanzo wa vita. Asilimia 64 waliunga mkono vita, na asilimia 10 waliipinga. Miongoni mwa Wamarekani waliosikika, wapinzani walikuwa asilimia 3 tu, katika kipindi ambacho kura za maoni zilionesha kuwa zaidi ya mmoja katika kila Wamarekani wanne alikuwa akiipinga vita.

Taathira yake ilionekana vichwani mwa watu. Oktoba 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya dhana tatu potofu: kwamba ushahidi umepatikana wa Saddam kushirikiana na Al-Qaeda, kwamba silaha za maangamizi zimegunduliwa nchini Iraq, na kwamba walimwengu wengi wanaiunga mkono vita. Kati ya waliotegemea Fox News, asilimia 80 walikuwa na angalau moja ya dhana hizo. Kati ya waliotegemea vituo vya umma vya PBS na NPR, walikuwa asilimia 23. Silaha hizo, kama ijulikanavyo, hazikupatikana kamwe.

Insafu hata hivyo inatutaka tugeuze kioo kwetu. Tumekwisha kumtaja as-Sahhaf. Serikali yake ilikuwa ikiwasimamia waandishi wote wa kigeni kwa waangalizi wasiowapa nafasi ya kupumua, na tarehe 2 Aprili 2003 ilimzuia mwandishi mmoja wa Al Jazeera kufanya kazi na kumwamuru mwingine aondoke nchini, hata kituo kikasitisha kwa muda taarifa za waandishi wake wa huko. Naam, kituo kile kile kilichopigwa na Wamarekani tarehe 8 kilikuwa kimefukuziwa watu wake na Wairaqi tarehe 2. Siku chache baada ya Baghdad kuanguka, Eason Jordan, mmoja wa wakuu wa CNN, aliungama katika gazeti la New York Times kwamba kwa miaka mingi kituo chake kilizificha habari za mateso alizozijua ndani ya Iraq, kwa kuhofia kwamba wafanyakazi wake Wairaqi wangeuawa. Basi Wairaqi waliokuwa wakipiga mayowe magerezani hawakusikika kabla ya vita, na waliokuwa wakipiga mayowe chini ya vifusi walisikika kwa shida vilipoanza.

Hata kuzaliwa kwa Al Jazeera kunatokana na udhibiti wa Waarabu wenyewe. Televisheni ya Kiarabu ya BBC, iliyoendeshwa kwa fedha za kampuni ya Kisaudia, ilifungwa Aprili 1996 baada ya mzozo juu ya vipindi visivyowapendeza watawala wa Riyadh. Watangazaji wake wengi walioachwa bila kazi walikwenda Doha, na Novemba mwaka huo Al Jazeera ikaanza kurusha matangazo kwa fedha za Amiri wa Qatar. Iliyatikisa majumba mengi ya utawala, ingawa jumba la Doha lenyewe liliguswa kwa nadra. Msomaji asisahau pia kwamba kamandi ya Marekani iliyoongoza vita vya 2003 ilikuwa na makao yake katika kambi ya As Sayliyah, Qatar hiyo hiyo, mwendo mfupi wa gari kutoka studio za kituo hicho. Huko ndiko majenerali walikotoa taarifa zao, katika ukumbi uliopambwa na fundi wa mandhari za filamu kutoka Hollywood.

Tuje sasa Fallujah, mwaka 2004, kwani huko ndiko jambo hili lilikofikia ukali wake. Aprili mwaka huo, majeshi ya Marekani yalipouzingira mji, mwandishi Ahmed Mansour wa Al Jazeera na wenzake walikuwa ndani. Picha zao za hospitali iliyojaa majeruhi, na za watoto waliouawa, zilisambaa dunia nzima. Donald Rumsfeld, Waziri wa Ulinzi wa Marekani, alizishutumu taarifa hizo kwa maneno makali kuwa ni za uovu na zisizo sahihi, na maofisa wa Marekani walilifanya kuondoka kwa wana Al Jazeera kuwa miongoni mwa masharti ya kusimamisha mapigano. Agosti, serikali ya mpito ya Iraq ikaifunga ofisi ya kituo hicho Baghdad. Yalipofanyika mashambulizi ya pili, mwezi Novemba, moja ya mahali pa kwanza kutekwa palikuwa hospitali kuu ya mji, ambayo majeshi yaliilaumu kwa kutoa hesabu za vifo. Safari hii hapakuwa na Mansour ndani ya mji.

Na bado, mlango haufungiki wote. Novemba 13, 2004, mwandishi Kevin Sites, aliyekuwa ameambatana na kikosi cha Marine kwa niaba ya NBC, alimrekodi askari akimpiga risasi mtu aliyejeruhiwa, asiye na silaha, ndani ya msikiti. Mmarekani huyo aliyekuwa chini ya ulinzi wa askari hao hao ndiye aliyeitoa picha hiyo. Vituo vya Marekani vilipoionesha viliikata sehemu ya mauaji yenyewe. Al Jazeera iliionesha yote. Mwezi huo huo, Al Jazeera ilipokea mkanda ulioonesha kile kilichoelekea kuwa mauaji ya Margaret Hassan, mwanamke aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuwahudumia maskini wa Iraq na aliyetekwa nyara mjini Baghdad. Huo haikuuonesha.

Tumelitafakari jambo hili mara nyingi, nasi wenyewe tuna watoto. Kuificha maiti ya mtoto wa Fallujah kwa kisingizio cha kulinda hisia za watazamaji ni kumwua mara ya pili. Kuionesha wakati wa chakula cha jioni, ikirudiwa kila saa, ni kuivunjia heshima maiti na kuwazoesha wanetu damu hadi isiwashitue tena. Sisi katika nyumba yetu tuliwahi kuizima televisheni kwa siku kadhaa, kisha tukaona aibu, kwa kuwa wenye Fallujah hawakuwa na kitufe cha kuzima. Tukaiwasha. Tangu hapo mmoja wetu hukaa pamoja na watoto, akawauliza: aliyeipiga picha hii alikuwa amesimama wapi? Nani alimruhusu? Upande wa pili wa ukuta ule kuna nini? Watoto, kwa kweli, huuliza vizuri kuliko sisi.

Kwa kumbukumbu, mwandishi Peter Arnett alipobaki Baghdad katika vita vya Ghuba vya mwaka 1991, CNN iliwatahadharisha watazamaji kwamba taarifa zake zimepitiwa na wakaguzi wa Iraq. Watu walilijua tangazo hilo, na kwa wengi lilitosha kuyapuuza yote aliyoyasema, hata alipotangaza habari za makazi ya Amiriyah, ambako zaidi ya raia 400, wengi wao wanawake na watoto, waliangamia kwa mabomu ya Marekani Februari 13, 1991. Miaka 32 ilipita. Mwishoni mwa mwaka 2023, Israel ilipokuwa imewazuia waandishi wa kigeni kuingia Gaza isipokuwa kwa kufuatana na jeshi lake, CNN iliwaambia tena watazamaji wake kwamba sharti la safari hizo ni picha kupitiwa kwanza na jeshi la Israel. Tangazo hilo huchukua sekunde chache, husomwa kwa sauti ya kawaida, na mara nyingi hupita wakati mwenye nyumba bado anatafuta miwani.